Baada ya Mguu Kukatwa: Je, Mama Ataendesha Gari?



Kuna maneno mawili yanayotamkwa majumbani mwetu kwa nia njema kabisa, nayo yamewafunga watu wengi kuliko minyororo: kaa tu. Mama amerejea kutoka hospitali akiwa na mguu mmoja. Jamaa wamejaa sebuleni, majirani wameleta uji na matunda, na kila anapojaribu kuinuka huambiwa akae tu, atafanyiwa. Wiki ya kwanza hiyo ni rehema. Mwezi wa sita ni kifungo. Aliyekuwa akiondoka alfajiri kwenda Gikomba kuchagua mitumba sasa husubiri mtoto arudi kutoka shule ndipo atumwe dukani. Aliyekuwa akitoa amri nyumbani sasa huomba ruhusa ya kwenda kumzuru dada yake, na ruhusa hiyo hutegemea kama kuna kijana mwenye nafasi ya kumsindikiza.

Juma hili twataka kuzungumza na familia zetu juu ya jambo ambalo wengi hulicheka linapotajwa kwa mara ya kwanza, nalo ni mtu aliyepoteza mguu au mkono kujifunza udereva. Tumeichagua Silanga, ndani ya Kibera, iwe mfano wetu. Waislamu wa Kibera ni ndugu zetu wa siku nyingi. Wanubi, wazao wa askari wa jeshi la King's African Rifles waliotoka Sudan, waliweka makazi yao katika msitu ule mwanzoni mwa karne ya 20, wakazika wazee wao pale na kujenga misikiti yao pale, na wakangoja hadi Juni 2017 kabla ya kukabidhiwa hati ya ekari 288. Isitoshe, Silanga ni mahali pagumu. Jambo likiwezekana Silanga, basi sisi wa Kisauni, Likoni na Malindi hatuna udhuru.

Ugumu wenyewe ni huu. Kijiji hicho kimelala upande wa bwawa la Nairobi, na vijia vyake vingi ni vya mtu kupishana na mwenzake kwa kujibanza ukutani. Mitaro iko wazi. Mvua ikinyesha, udongo hunata kwenye ncha ya gongo na kulivuta kana kwamba una mkono. Kiti cha magurudumu, ambacho ndicho kitu cha kwanza tunachokichangia mtu akikatwa mguu, mara nyingi hakina pa kupita huko, na kwa hiyo huishia kuwa kiti cha kukalia mlangoni. Tulisema hili bila kuwavunja moyo wanaochanga. Ila ingefaa kabla ya kupitisha kikapu tumuulize mwenyewe anataka kufika wapi.

Mtu hupotezaje kiungo? Sababu zake zinajulikana na kila aliyewahi kukaa katika wadi za mifupa za Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, ambayo haiko mbali na Kibera. Bodaboda imezijaza wadi hizo vijana. Kisukari huwachukua akina mama na wazee polepole, kwa kidonda kidogo cha kidole ambacho hakikuumiza na kwa hiyo hakikutazamwa. Reli iliyoletwa na Waingereza kutoka Mombasa, iliyofika Nairobi mwaka 1899 na kuendelea hadi ziwani, bado hupita katikati ya vibanda vya Kibera, na watu huuza, huvuka na kutembea juu yake. Na wapo bado miongoni mwetu waliojeruhiwa tarehe 7 Agosti 1998, siku bomu lilipolipuka katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi na kuua watu 213. Walionusurika walitoka pale wengine bila macho na wengine bila viungo, na wamekuwa wakiishi na siku hiyo tangu hapo.

Tumchukulie basi mama mmoja wa Silanga, wa miaka arubaini hivi, muuza nguo, aliyekatwa mguu wa kushoto chini ya goti. Hatumtaji mtu fulani. Wa hali yake ni wengi. Mama huyu akisema anataka kujifunza gari, jambo la kwanza atakaloambiwa na ndugu zake ni kwamba haiwezekani, na kwamba atajiua na kuua watoto wa watu.

Jibu la fundi wa magari kwa ndugu hao ni fupi sana. Gari la otomatiki halina klachi. Lina vikanyagio viwili tu, cha mafuta na cha breki, na vyote hukanyagwa kwa mguu wa kulia. Dereva mwenye miguu miwili, akiendesha gari hilo, mguu wake wa kushoto hukaa kando bila kazi safari nzima. Mama wetu, mwenye mguu mzima wa kulia, aweza kuingia katika gari la otomatiki la kawaida, lisilobadilishwa hata skrubu moja, na kuliendesha kama mtu mwingine yeyote. Tahadhari moja tu: baadhi ya magari yanayotoka Japani yana breki ya kuegeshea inayokanyagwa kwa mguu wa kushoto badala ya kuvutwa kwa mkono. Anayenunua gari na alitazame hilo kabla ya kutazama rangi na redio.

Akiwa aliyepotea ni mguu wa kulia, mambo hubadilika, na hapa hatutaki mtu ajipe moyo wa bure. Mguu wa bandia hauna hisia. Hauwezi kukuambia umekanyaga kwa nguvu kiasi gani, wala kama umeteleza kutoka kwenye breki ukaangukia mafuta. Wapo wanaoendesha hivyo kwa mazoea, nasi hatuwashauri wasomaji wetu kuwaiga. Njia iliyo salama ni kuongezewa kikanyagio cha mafuta upande wa kushoto wa breki, ili mguu mzima ufanye kazi zote mbili, na kile cha asili kizibwe kisiguswe kwa bahati mbaya. Vifaa vya namna hiyo huweza kutengenezwa vikawa vya kufunguka, hivi kwamba mume au kijana wa nyumba akitaka kuliendesha gari hilo hilo, hurejesha mambo yalivyokuwa.

Aliyepoteza miguu yote miwili huendesha kwa mikono. Karibu na usukani hufungwa wenzo mmoja uliounganishwa na vikanyagio kwa vyuma: ukiusukuma mbele, gari hufunga breki, ukiuvuta au kuuzungusha, hupewa mafuta. Mkono mmoja ukishashika wenzo huo, usukani hubaki na mkono mmoja tu, ndiyo maana juu yake huwekwa kishikio cha duara kinachozunguka, kama kile tunachokiona kwenye matrekta. Kishikio hicho hicho ndicho humfaa aliyepoteza mkono. Lakini kwa mwenye mkono mmoja kuna swali ambalo wengi husahau kuuliza: ni mkono upi? Kwetu usukani uko kulia na gia iko katikati, upande wa kushoto wa dereva; na katika magari mengi ya Kijapani kijiti cha taa za ishara kiko upande wa kulia wa usukani. Asiye na mkono wa kushoto atasumbuliwa na gia. Asiye na wa kulia atasumbuliwa na ishara. Yote mawili yana dawa, kwa kuchagua gari ambalo gia yake iko kwenye dashibodi karibu na usukani, au kwa fundi kukivusha kijiti upande wa pili. Ila dawa hutafutwa kabla gari halijanunuliwa.

Mwenye shaka na amtazame Alex Zanardi, dereva wa mashindano kutoka Italia, aliyekatika miguu yote miwili uwanjani Lausitzring, Ujerumani, tarehe 15 Septemba 2001. Mwaka 2003 alirudi katika uwanja ule ule, akaingia katika gari lililofungwa vifaa vya mkono, akaimaliza mizunguko 13 iliyokuwa imebaki siku ya ajali. Au Jessica Cox wa Marekani, aliyezaliwa bila mikono yote miwili. Mwaka 2008 alipata leseni ya kurusha ndege, na ndege hiyo huirusha kwa miguu. Tunajua hao ni watu wa nchi zenye fedha. Tumewataja kwa sababu ya mwili tu, kwamba mwili wa binadamu waweza. Upande wa fedha tutauzungumza, kwani hapo ndipo Silanga inapolia.

Na kwa kweli huhitaji kwenda Ulaya. Ukienda Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, utawakuta watu wenye ulemavu wa miguu juu ya baiskeli za magurudumu matatu zinazozungushwa kwa mikono, wakivusha mizigo ya wafanyabiashara kutoka upande mmoja hadi mwingine. Biashara hiyo wameishika kwa miaka mingi. Goma nako, kwenye mpaka wa Kongo na Rwanda, ni vivyo hivyo; baiskeli zao zimepakiwa magunia hadi mpandaji haonekani, na nyuma yake yupo kijana asukumaye ambaye yeye ndiye amwajiriye. Hiyo picha ya mwisho twapenda ikae machoni mwa ndugu waliosema kaa tu.

Dar es Salaam wamekwenda mbele zaidi. Huko bajaji, ambayo sisi wa Mombasa twaiita tuktuk, imekuwa riziki ya watu wengi wenye ulemavu wa miguu. Mwaka 2017 madereva hao waliandamana wakidai haki ya kuendelea kufanya kazi katikati ya jiji, na polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. Habari ile iliwachoma watu wengi. Lakini tuitazame pia kwa jicho jingine: hawa hawakuwa wakiomba sadaka barabarani. Walikuwa wakipigania njia ya kazi, tena wakiwa madereva.

Tuktuk yafaa kutazamwa kwa makini na familia za kipato cha chini, kwa maana kwa umbile lake imekaribia kuwa chombo cha mikono. Haina usukani wa duara bali ina mpini kama wa pikipiki. Mafuta yako mkono wa kulia. Klachi na gia ziko mkono wa kushoto. Na breki hukanyagwa kwa mguu wa kulia. Mama wetu wa Silanga, aliyepoteza mguu wa kushoto, hana anachopungukiwa katika kuiendesha. Pembeni yake hupakiwa robota la nguo bila kumwomba makanga wa matatu amstahi. Bei yake ni ndogo kuliko ya gari, na mafuta yake ni machache. Katika madaraja ya leseni ya Kenya, vyombo vya magurudumu matatu huingia katika daraja A3. Sisi tungesema kwa familia isiyo na uwezo wa gari: anzeni hapa, wala msione haya. Kule kwetu Malindi tuktuk humpeleka bibi harusi.

Sasa tuje kwenye karatasi, ambazo huchosha lakini ndizo hufungua mlango. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, yamhakikishia mtu mwenye ulemavu heshima, kutumia usafiri na majengo bila kizuizi kisicho cha lazima, na kupata vifaa vya kumsaidia kuvishinda vikwazo vya ulemavu wake. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 ndiyo iliyounda Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na mwaka 2025 ikapitishwa sheria mpya. Hatua ya kwanza ya mama wetu ni kwenda katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, akapimwe na kuandikiwa ripoti ya ulemavu wake, kisha ajisajili na Baraza apewe kadi. Wako wanaokataa kadi hiyo kwa sababu ya jina lililo juu yake. Twawaelewa. Lakini bila kadi hakuna msamaha wa kodi ya mapato, ambao kwa aliyesajiliwa na kuthibitishwa umefikia shilingi 150,000 za mwanzo za kipato cha kila mwezi. Wala hakuna mlango wa kuomba msamaha wa ushuru kwa gari lililotengenezwa mahususi kwa mwenye ulemavu, msamaha ambao umo katika sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Anayetaka kuagiza gari na aombe kibali cha msamaha kabla gari halijapakiwa melini. Likishafika bandarini Kilindini na kuanza kulipiwa gharama za kukaa, machozi hayapunguzi kitu. Na akumbuke kwamba Kenya hairuhusu gari lililotumika la zaidi ya miaka 8.

Leseni yenyewe hutolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, na katika madaraja yake lipo daraja F, lililowekwa kwa ajili ya magari ya watu wenye ulemavu. Gari jepesi la otomatiki ni B1, na la gia za kawaida ni B2. Mwanafunzi huchukua leseni ya muda, hufundishwa sheria za barabara na ule mji mdogo wa mbao wenye vigari vya kuchezea, ambao kila aliyepita shule ya udereva Kenya anaukumbuka, kisha barabarani, kisha mtihani. Mtu asifiche mguu wa bandia chini ya buibui siku ya kujiandikisha akidhani anarahisisha mambo. Anayeomba leseni hutakiwa kueleza ukweli wa hali ya mwili wake, na kampuni ya bima nayo huulizia mambo hayo hayo siku ya hasara. Tena mwalimu asiyejua hawezi kukufundisha vyema.

Tatizo kubwa ni kwamba shule nyingi za udereva hazina gari lililobadilishwa. Kwa aliyepoteza mguu wa kushoto si neno. Gari la otomatiki la shule latosha. Kwa wengine, aghalabu mwanafunzi hana budi kuja na gari lake, na hapo ndipo ndoto nyingi hufa. Kwa maoni yetu, hili ni jambo la misikiti na jumuiya zetu kulifikiria. Gari moja la otomatiki lenye wenzo wa mkono na kishikio cha usukani, likimilikiwa na jumuiya na kukaa katika shule moja ya udereva, lingewafundisha watu miaka kumi. Twachanga kwa mengi. Tumechanga kwa mazulia ambayo yale ya chini yake hayajachakaa.

Kuhusu mguu wenyewe. Chama cha Watu Wenye Ulemavu wa Viungo, APDK, kilichoanzishwa mwaka 1958, kina karakana zake Nairobi kwenye barabara ya Waiyaki na pia huku kwetu Mombasa, na ndicho kilichoanzisha karakana za Bombolulu mwaka 1969. Hutengeneza miguu ya bandia, magongo na baiskeli za mikono. Uko pia mguu unaojulikana kama Jaipur, uliobuniwa India mwaka 1968 na fundi Ram Chander Sharma pamoja na daktari P. K. Sethi, waliufikiria kwa ajili ya watu wanaochuchumaa, wanaokaa chini na wanaotembea pekupeku, yaani watu kama sisi, na mwenye kuswali juu ya mkeka huona faida yake mara moja. Mguu wa kwanza haukai milele. Kigutu huvimba, kisha hupungua kwa miezi, na kikombe cha mguu kilichokuwa kikibana huanza kucheza. Familia na ijue hilo, isione kwamba fundi ameharibu au mama anadeka.

Asiharakishe kuingia barabarani. Kidonda na kipone, kigutu kitulie, na tiba ya maumivu ijulikane. Wengi waliokatwa husikia maumivu au muwasho katika kidole ambacho hakipo tena, hata usiku wa manane, na baadhi huogopa kusema wasije wakadhaniwa wamepagawa. Si mapepo, ni neva. Daktari anayo dawa, ila baadhi ya dawa hizo huleta usingizi, na mwenye kuzimeza amuulize daktari waziwazi kama aruhusiwa kuendesha.

Aliyekatwa kwa sababu ya kisukari ana hesabu nyingine pia. Mguu uliobaki na utazamwe kila siku, nyayo na baina ya vidole, na asiyeweza kuinama atazamiwe na binti yake au atumie kioo. Sukari ikishuka ghafla dereva hupoteza fahamu akiwa amekaa wima na kushika usukani. Uingereza huwashauri madereva wanaotumia insulini wasianze safari ikiwa kipimo kiko chini ya 5. Mwezi wa Ramadhani hatari hiyo huongezeka, hasa saa ile ya kabla ya magharibi ambapo kila mtu anakimbilia nyumbani na barabara ya Ngong imeziba. Madaktari wa kisukari wamekubaliana kwamba kipimo kikishuka chini ya 3.9, au 70 kwa mashine za hesabu ya zamani, mgonjwa afungue. Mwenye hali hiyo aegeshe gari kando, ale tende zake, na siku hiyo atailipa. Kama kufunga kwafaa kwake tangu mwanzo ni suala la daktari wake, na aulizwe kabla mwezi haujaandama.

Tumeulizwa mara nyingi, na akina mama wenyewe, kuhusu kujifunza na mwalimu mwanamume. Dada au mtoto mkubwa aweza kukaa kiti cha nyuma, na shule nyingi hazikatai. Walimu wanawake nao wapo, ila ni wachache. Kuhusu mavazi, buibui lenye mikono mipana hunasa kwenye wenzo, na pindo refu huingia chini ya kikanyagio. Mikono yenye vifungo na pindo lililopandishwa juu ya kifundo kwa soksi nene vyatosha, na stara inabaki. Kiatu kiwe kigumu nyuma, si ndara. Nikabu isizibe pembe za macho, kwa sababu bodaboda hutokea huko huko pembeni.

Wapo wazee watakaosema kwamba kukipachika kiungo cha bandia ni kukataa kadari. Tuwakumbushe habari ya sahaba Arfaja bin As'ad. Pua yake ilikatika siku ya vita vya Kulab, zama za Ujahilia, akaweka pua ya fedha, nayo ikamnukia, na Mtume (S.A.W.) akamwamuru aweke ya dhahabu, hadithi waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi. Dhahabu, na dhahabu kwa mwanamume ni haramu. Anayetaka kulikataza gongo la plastiki na alitafakari hilo. Urwa bin Zubeir naye, miongoni mwa mafakihi saba wa Madina, alikatwa mguu katika safari ya kwenda Sham, na katika safari hiyo hiyo akafiwa na mwanawe. Husimuliwa kwamba wiridi yake ya Qur'ani ya kila siku haikukatika ila usiku ule mmoja. Alirudi Madina, akaendelea kusomesha.

Udhu wa aliyekatwa si mgumu kama watu wanavyoufanya. Mguu uliokatwa juu ya kifundo hauna wajibu tena wa kuoshwa, na mguu wa bandia si sehemu ya mwili, kwa hiyo hauoshwi wala huvuliwi kwa ajili ya udhu. Mkono uliokatwa chini ya kiwiko huoshwa sehemu iliyobaki pamoja na kiwiko. Mwenye safari ndefu ya gari na asijisumbue kuvua na kuvaa kwenye kituo cha mafuta kwa kudhani hana udhu.

Tumebakiwa na swali la Silanga lenyewe, kwani msomaji makini amekwisha kujiuliza: gari litalala wapi, ikiwa hata mkokoteni haupiti mlangoni? Kibera imekatwa na barabara mpya inayounganisha Ngong na Lang'ata, ile ambayo kwa ajili yake nyumba za watu wengi zilibomolewa Julai 2018. Barabara iliyowatoa watu ndiyo hiyo hiyo imeleta gari karibu. Mama wetu ataegesha tuktuk yake mahali penye mlinzi kando ya lami, atamlipa mlinzi kwa usiku, na kutoka hapo hadi mlangoni atakwenda kwa mguu wake wa bandia na gongo moja. Hatua hizo za mwisho ndizo ngumu kuliko kilomita zote za mjini. Vijana wa mtaa waweza kuzifupisha kwa siku moja ya kazi: mifuko michache ya saruji, mawe ya kufunika mtaro, na bomba la chuma lililochimbiwa ukutani la kushikilia mahali penye mteremko. Hesabu yake ni ndogo kuliko kiti kimoja cha magurudumu. Wanaotaka kulianza jambo hilo katika mtaa wao, uwe Kibera, Kawangware au huku pwani, na wamwendee kwanza mwenye gongo, watembee naye polepole kutoka barabarani hadi kwake, na wahesabu mahali aliposimama.